Majani Juu ya Bastola ya Mama Maritxu

Karatasi ilikuwa imebandikwa juu ya mashine ya kahawa, na baa nzima ya Koldo ilikuwa inacheka mpaka pale niliposukuma mlango. Kicheko kikakatika kama uzi. Watu wazima na mvi zao wakaanza kuchungulia ndani ya vikombe, utadhani kuna kitu kimezama humo.

"Karibu, Eskarne," Koldo akasema, huku akijisogeza ili mgongo wake uizibe ile karatasi. "Nikupe mkate wa Baba?"

"Nipe mkate. Na hiyo karatasi."

"Karatasi gani tena?"

"Hiyo unayoificha. Wewe ni mnene, Koldo, lakini si ukuta."

Mmoja kule nyuma akaguna, akajifanya anakohoa. Koldo akasogea taratibu. Basi nikaiona.

Juu ilikuwa picha ya bastola ndogo, ya zile zilizotengenezwa hapa hapa Eibar wakati wa babu zetu. Chuma chake kiling'aa buluu, na majani ya mwaloni ya dhahabu yalipanda kutoka kwenye kitako mpaka kwenye mdomo wa mtutu. Kila jani nililijua, kama mama anavyowajua wanawe hata akiwaona kwa mgongo. Chini ya picha kulikuwa na maneno haya:

"Leo hapa Makaburini tunamzika marehemu mwingine. Bastola hii ilikuwa imezeeka kwa amani, na kutu yake ya heshima, mpaka akatokea fundi asiyejua kuwaacha wazee wapumzike. Ameisugua, ameipaka rangi, kisha ameivika majani kama keki ya harusi. Hii ni kazi ya kizee kinachotetemeka, ambacho hakuna jirani mwenye huruma wa kukiambia kistaafu. Mkono uliofanya hivi ulistahili kukatwa. Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Sikuhitaji kutafuta jina la mwandishi. Tovuti ya bastola za zamani za Eibar ilikuwa moja tu ambayo mji mzima uliifahamu, na mwenyewe alikuwa Gaizka. Gaizka wangu. Yule ambaye kesho yake, Jumapili, alikuwa anakuja kwetu kula chakula cha mchana na kumwomba Baba anioze kwake.

"Baba ameiona?" nikauliza.

"Amepita asubuhi kunywa kahawa yake."

"Sikukuuliza kama amekunywa kahawa."

Koldo akafuta kaunta ambayo haikuwa na uchafu. "Ameiona. Amevaa miwani, akaisoma mpaka mwisho. Akasema kahawa ya leo chungu, akaondoka."

"Na baada ya hapo ukaiacha palepale."

"Eskarne, ni utani tu jamani. Bastola ya Maritxu wote tunaijua, na wote tunajua imetoka karakana ya baba yako, Balentin. Mzee mwenyewe anajua utani."

Nikanyoosha mkono juu ya vikombe vyao, nikaing'oa karatasi, na kipande cha rangi ya ukuta kikaja nayo.

"Kama ni utani, kabandike wa mama yako," nikamwambia. Nikatoka. Mkate niliuacha pale pale.

*

Mvua yetu ya Eibar si ya kunyesha, ni ya kuelea. Unaweza kutembea ndani yake mtaa mzima usijue umelowa mpaka ufike nyumbani. Siku ile nilitembea nayo usoni na sikujua ipi ni mvua na ipi ni mimi.

Gaizka alikuja karakana yetu mara ya kwanza na kamera shingoni. Anatoka Durango, mji wa jirani, kazi yake ni kutengeneza kompyuta za shule, na bastola za zamani ni ugonjwa wake wa mwisho wa wiki. Alitaka kupiga picha alama za mafundi wa zamani. Baba alimjibu kwa miguno. Mimi nilikuwa kwenye benchi langu, nimeinama juu ya jiliwa linaloshika chuma, na kila nilipoinua macho niliyakuta macho yake yameniwahi. Si kamera iliyokuwa inatazama. Alipoaga, alisahau mfuniko wa kamera. Akarudi kuuchukua, akasahau miwani. Shangazi Tomasa akasema, "Huyu kijana akiendelea hivi, ataishia kuhamia humu ndani bila kupanga."

Tukapendana. Jioni nyingi nilikaa naye mbele ya kompyuta, bega kwa bega, kikombe kimoja cha chai kati yetu. Watu walimwandikia kutoka Argentina, kutoka Ufini, kutoka kila mahali: nimerithi bastola hii, ni ya nani, ni ya lini? Mimi nilizitazama picha kwa kioo cha kukuzia, nikamwambia ninachokiona, naye akaandika. Mimi shule niliiacha mapema, mama alipofariki, nikaanza kazi karakana pamoja na Baba. Kuandika nilimwachia yeye. Nilipenda alivyokuwa akinisomea kwanza, kisha ananitazama mdomoni kuona kama nimecheka.

Baba hakumpenda. "Huyo anapenda vitu vilivyokufa," alikuwa akisema. "Wewe uko hai. Atakufanyia nini?"

Miaka miwili Baba alisema hivyo hivyo. Pasaka hii ndipo akakubali, tena kwa kunung'unika: aje kabla ya moto wa sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwezi wa sita, ale, aseme anachotaka kusema, nitasikiliza. Nililia kwa furaha jikoni, juu ya vitunguu, nikasema ni vitunguu.

Na sasa haya.

Baba nilimkuta karakana. Ameketi benchi lake, patasi mkononi, na jiliwa mbele yake tupu. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapiga ubao peke yake, tik, tik, tik, kama kawaida yake siku hizi. Akaufunika na wa kushoto.

"Mkate uko wapi?" akauliza.

"Baba, nimeiona karatasi."

"Nimekuuliza mkate."

"Nitarudi pale nikawaambie. Nitawaambia majani yale ni yangu."

"Hutawaambia kitu."

"Wanakucheka, Baba! Kina Koldo, watu uliokua nao!"

"Wamenicheka tangu siku ya harusi yangu, suruali ilipopasuka mbele ya padri. Nikafa?" Akaiweka patasi mahali pake, akahakikisha imelala sawa na wenzake. "Karakana ina jina moja, Eskarne. Kazi ikitoka hapa nzuri, ni ya Balentin. Ikitoka mbaya, ni ya Balentin. Hivyo ndivyo alivyonifanyia baba yangu nikiwa kijana, na mimi niliharibu vingi kuliko wewe."

"Sikuharibu!"

"Sijasema umeharibu. Nasema wakinicheka mimi, mimi nimeshakula maisha yangu. Wakikucheka wewe, nani atakuletea kazi?"

Nikatoa simu mfukoni.

"Basi kesho asije," nikasema. "Nampigia simu sasa hivi."

"Kesho atakuja. Nimemwalika. Nyumba hii haijawahi kufuta mwaliko, na haitaanza kwa kijana wa Durango." Akanyanyuka, akavaa kofia yake. "Mengine ni yako. Mimi naenda kutafuta mkate."

*

Sikumpigia simu. Gaizka alikuja mwenyewe karakana mchana, amelowa, anatabasamu. Na Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka kama kawaida yake, kabla haujakumbuka.

"Mpenzi! Umeuona ukurasa?" Akanibusu shavuni, akavuta kigoda. "Sijawahi kupata watu wengi namna ile. Yule wa Ufini amesema amecheka mpaka mkewe akaamka. Wananiomba ile safu ya Makaburini iwe kila wiki!"

Nilikuwa napiga tupa kipande cha shaba. Niliendelea.

"Nimekosa nini? Mbona kimya?"

"Nasikiliza. Endelea."

"Ni hivyo tu. Kijana mmoja alituma picha za bastola ya bibi yake, anauliza bei, kama wanavyouliza wote. Nilipoiona nikasema hii haiendi kwenye bei, hii inaenda kaburini moja kwa moja."

"Fundi wake ni nani?"

"Hakusema."

"Ukajuaje kwamba ni kizee?"

"Majani." Akachora hewani kwa kidole. "Yote yamelalia upande mmoja. Mkono umeyumba. Mtu mwenye mkono mzima hawezi kuchonga vile."

"Umeyumba."

"Ndiyo. Maskini, kinatetemeka na bado kinang'ang'ania..."

Nikaweka tupa chini. Nikavuta droo ya benchi langu, nikatoa sahani ya chuma niliyofanyia mazoezi, nikaiweka mapajani pake. Jani, jani, jani. Yote yamelalia upande mmoja.

Nilimtazama usoni. Nilitaka kuona. Kwanza hakuelewa, kisha tabasamu likabaki mdomoni peke yake, macho yakiwa yameshaondoka. Kisha na lenyewe likaondoka.

"Ee Mungu," akasema. "Ni Mzee Balentin. Eskarne, sikujua. Naapa sikujua ni mzee. Naifuta sasa hivi, nipe dakika moja..." Tayari alikuwa anatafuta simu mfukoni.

"Si Baba."

"Unasemaje?"

"Baba hajachonga jani hata moja tangu mkono wake umkatae. Ni mimi, Gaizka. Bastola ya Mama Maritxu ni kazi yangu, ya kwanza niliyoichonga peke yangu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hicho kizee kinachotetemeka ni mimi."

Mvua ilikuwa imeanza kusikika juu ya bati. Simu yake ilianza kulia, ujumbe juu ya ujumbe, watu wake wa mbali wakiendelea kucheka. Akaizima.

"Mbona hukuniambia?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nikuambie nini? Kazi ikitoka hapa haina jina langu, unajua hivyo. Nilikuwa nangoja tuoane nikuonyeshe. Nilitaka iwe zawadi." Sauti yangu ilianza kupanda na sikuizuia. "Na unajua kwa nini yamelala? Mbele ya nyumba ya Maritxu kuna mwaloni ulioinamishwa na upepo. Chini yake ndipo mumewe alipomposa. Maritxu alikuja hapa na bastola ya marehemu, imezimwa isifyatue tena, imeliwa na kutu, akaniambia, binti, nichongee majani ya mti wangu, na yalale kama mti wenyewe ulivyolala. Mjane ameomba mti wake! Wewe ukaona keki ya harusi!"

"Sikuwa najua habari za mti."

"Hukuuliza! Wewe ambaye watu wanakuandikia kutoka mwisho wa dunia kukuuliza, mwenyewe hukuuliza hata neno!"

Akasimama. Na hapo, badala ya kuomba msamaha, alifanya jambo ambalo wiki nyingine yoyote ningempenda kwalo. Alisema alichokiona.

"Maneno yangu yalikuwa ya kishenzi. Nakubali. Lakini Eskarne, hata kama ningejua, bastola ile haikupaswa kupigwa tupa."

"Nini?"

"Nina picha za kabla. Yule kijana alituma zote. Kwenye kitako, upande wa kushoto, palikuwa na shimo dogo, limelika, laini. Pale ni kidole gumba cha mtu. Mumewe Maritxu aliishika vile maisha yake yote, mpaka chuma kikamkubali. Nyinyi mkaliona kovu, mkalisawazisha. Kutu unaweza kuitoa. Kidole kile nani atakirudisha?"

Nilimpiga. Si kofi la sinema, nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili kama mtoto. Nilimpiga kwa sababu nilikumbuka. Siku Mama Maritxu alipoichukua bastola yake, aliyatazama majani, akayasifu, akanishika shavu. Kisha kidole chake kikaenda pale kwenye kitako, kikapapasa, kikapapasa tena. Akasema, "Imekuwa nzuri, mwanangu." Nami nilidhani ni furaha.

"Toka," nikamwambia.

"Eskarne..."

"Usinifundishe habari za mjane wangu! Kwa nini hukuyaandika hayo? Ungeandika habari ya kidole, ningelia na ningekuheshimu. Ukaandika keki. Ukaandika wakate mkono. Kwa sababu habari ya kidole haichekeshi watu, au siyo? Sema!"

Alikuwa ameinamisha kichwa, matone ya mvua yakidondoka kutoka kwenye nywele zake juu ya benchi langu, na mimi mjinga nilitamani kuchukua kitambaa nimfute.

"Naifuta," akasema. "Ikifutika, yamekwisha."

"Usithubutu. Eibar nzima imesoma. Koldo ameibandika kwenye ukuta wake. Ukiifuta leo, kesho watasema Balentin alilia mpaka mkwe wake akamwonea huruma."

"Basi nifanye nini? Niambie, nifanye."

Nikaikunjua ile karatasi ya baa, imelowa, nikaipachika kwenye mfuko wa shati lake.

"Kesho umealikwa. Njoo. Divai iache kwako. Njoo na haya maneno yako, uyasome mezani kwetu. Kwa sauti. Neno kwa neno, mbele ya Baba."

Rangi ikamtoka. "Siwezi. Mbele ya mzee siwezi."

"Kwa watu wa Ufini uliweza."

"Na nikisoma?"

"Sijui. Usiposoma, najua."

*

Shangazi Tomasa alikuwa anazungusha sufuria ya samaki wa chumvi tangu kengele za misa ya pili. Samaki huyu hana haraka: unatingisha mafuta na kitunguu saumu, unatingisha, mpaka mchuzi ushike weupe wake. Siku hiyo haukushika.

"Toka jikoni kwangu," akaniambia. "Hasira zako zinakata mchuzi."

"Mimi sijasema kitu, Shangazi."

"Ndiyo maana. Ungepiga kelele, ungetoka. Umekaa hapo kama chungu kilichofunikwa." Akatingisha. "Atakuja?"

"Sijui."

"Unataka aje?"

Nikatazama dirishani. Mtaa wetu unapanda sana, mtu anayekuja unaanza kumwona kofia, kisha mabega. Nilikuwa nimeuangalia tangu asubuhi na sikutaka mtu ajue.

"Sijui," nikasema tena.

"Uongo wa Jumapili unalipiwa mara mbili," Tomasa akasema. Papo hapo nikaona nywele nyeusi zikipanda mtaa. Mabega. Mikono mitupu. Hakuwa na chupa, hakuwa na maua.

Tomasa alimfungulia. "Aha, bwana wa makaburi. Futa miguu. Humu ndani bado tuko hai."

Baba alikuwa kichwani mwa meza, amevaa shati la misa, mkono wa kulia ameuficha chini ya kitambaa. Akamwonyesha kiti kwa kidevu. Gaizka hakuketi.

"Mzee Balentin, kabla sijaketi kuna kitu nimeambiwa nikisome."

"Nimeshakisoma."

"Najua. Lakini hukukisikia kutoka kwangu."

Baba akanitazama. Sikukwepesha macho. Akauma kipande cha mkate, akatafuna taratibu.

"Haya," akasema. "Soma."

Karatasi ilikuwa imekaushwa, imekunjamana. Akaanza. Sauti ile iliyokuwa ikinisomea jioni zetu, sasa ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Akasoma marehemu. Akasoma kutu ya heshima. Akasoma keki ya harusi, na Tomasa mlangoni, sufuria mkononi, akapumua kwa pua kama ng'ombe. Kila neno lililochekesha baa nzima lilidondoka juu ya kitambaa cheupe cha meza na hakuna aliyecheka.

"'Hii ni kazi ya kizee kinachotetemeka...'" Akakwama. Akaendelea mpaka mwisho wa sentensi ile. Kisha akaishusha karatasi.

"Imekwisha?" Baba akauliza.

"Hapana."

"Basi soma."

"Mzee, naomba..."

"Kijana. Uliyaandika umekaa. Yasome umesimama."

Gaizka akaishika karatasi kwa mikono miwili. "'Mkono uliofanya hivi,'" akasoma, "'ulistahili kukatwa.'"

Niliuinua mkono wangu wa kulia, nikauweka juu ya meza, kiganja chini, kando ya kisu cha mkate.

"Huu hapa," nikasema.

Gaizka aliutazama mkono ule kana kwamba hajawahi kuuona, yeye aliyeushika njia nzima ya Durango, kwenda na kurudi. Aliona kovu la patasi kwenye kidole cha shahada. Aliona sugu katikati ya kiganja, pale mpini unapokaa, kwa sababu niliugeuza makusudi aione. Karatasi ikamponyoka.

"Nilitaka wacheke," akasema. "Hiyo tu. Nilijua watacheka, nikaandika. Sina sababu nyingine, Mzee. Nilitafuta sababu usiku kucha, sikuipata."

Baba akautoa mkono wake chini ya kitambaa. Ukaanza kupiga meza, tik, tik, tik, karibu na wangu. Hakuufunika.

"Binti yangu ameniambia habari ya kidole cha marehemu," akasema. "Hapo umesema kweli. Nilipaswa kuona. Ni mimi niliyepiga tupa pale kwenye kitako."

"Baba, acha."

"Ni mimi, nasema."

"Siyo wewe!" Nilipiga meza na glasi zikaruka. Machozi yalikuja na hasira pamoja, sikujua kuyatenganisha. "Acha kunibebea, Baba! Majani ni yangu, na tupa ni yangu. Nililiona lile shimo, nikadhani ni kovu, nikalisawazisha kwa mkono huu huu. Wote wawili mnanificha. Mmoja kwa kunipenda, mwingine anataka kufuta ukurasa. Mimi si kitu cha kufichwa!"

Tomasa, kutoka mlangoni, akasema polepole, "Mchuzi umeshika."

Baba akashusha pumzi ndefu, nusu yake kicheko. Akanitazama kama anavyotazama kazi iliyotoka kwenye jiliwa, akiigeuza kwenye mwanga.

"Basi, wewe kijana," akasema bila kuniondolea macho. "Hiyo tovuti yako. Pale chini ya picha, utaandika nini?"

"Sitaandika neno asiloruhusu yeye." Gaizka akanigeukia. "Niambie."

"Andika Eskarne, binti Balentin, wa Eibar. Andika mwaloni wa Maritxu umelala kwa upepo. Halafu weka picha za kabla, na uandike kulikuwa na kidole gumba pale, na mimi ndiye niliyekifuta. Usiweke Makaburini. Mimi sijafa."

"Nitaandika."

"Na Koldo utampelekea mwenyewe. Aibandike palepale."

"Nitampelekea."

"Na habari ya posa," Baba akasema, akichukua uma, "leo sijaisikia. Labda masikio yangu yamezeeka. Keti ule. Samaki huyu akipoa ni chumvi tupu."

Gaizka akaketi. Kiti kilichobaki kilikuwa kando yangu. Tomasa akapakua, sahani zikapita, mkate ukapita, na mimi mkono wangu ulikuwa bado pale juu ya meza, mahali nilipouweka. Mkono wake ukaja. Ulikuja taratibu juu ya kitambaa, ukapita kisu, ukasimama kabla ya kunigusa, umebakisha nafasi ya chembe ya mkate. Haukusogea tena. Uliomba na kungoja, kimya.

Nilikuwa na hasira bado. Nilikuwa nayo hata kwenye kucha.

Sikumpa mkono. Nilikula kwa wa kushoto, vibaya, nikadondosha mchuzi kwenye nguo yangu ya Jumapili, na Tomasa akanitazama tu. Lakini wa kulia sikuuondoa pale.